Nyuma ya Jiko

Mama alipoona mafiga matatu yamezungushiwa kamba, alisimama ghafla katikati ya njia ya msituni. Binti yake, aliyekuwa akipanda nyuma yake na mtoto mgongoni, nusura amgonge.

"Jiko langu hili," mama alinong'ona.

Kijana aliyewaongoza wageni alikuwa keshaanza kueleza. "Hapa paliishi familia. Msitu ulipofanywa hifadhi, wakahama wenyewe, kwa hiari."

"Kwa hiari!" Mama alicheka kicheko kikavu. "Mwanangu, sufuria niliiacha motoni."

Wageni wakapiga picha mafiga. Mama hata hakuwa na habari nao. Mlima wote huu, na magoti yake mabovu, alikuwa ameupanda kwa jambo moja tu: kumsalimia kifungua mimba wake, aliyemzika nyuma ya jiko kabla hata hajajua kutambaa. Binti ndiye aliyembembeleza waje. Alijua mama akishapiga magoti pale na kulia kidogo, moyo utamtulia.

Mama akajifuta jasho, akafunga kilemba chake upya, kama mtu anayetaka kubisha hodi. Kisha akamshika binti yake mkono.

"Kijana wangu, samahani. Kule nyuma naweza kufika?"

"Bila wasiwasi, mama!" kijana alijibu kwa bashasha. "Tumewajengea vyoo vya kisasa kabisa, tumechimba mpaka kwenye mwamba. Cha wanawake ni mlango wa kushoto."