Filimbi Kumi na Mbili

Filimbi zilikuwa kumi na mbili mezani, na mke wa Mwenyekiti alizitia kamba moja baada ya nyingine bila kuinua macho. Kila nyumba na yake. Majirani walijaa sebuleni hadi kwenye mikono ya makochi.

Chanzo kilikuwa cherehani ya fundi nguo. Ilibebwa mchana kweupe. Watu wanane walimwona mwizi. Wawili walimpisha, mmoja alimtwika.

"Nilidhani anaipeleka kutengenezwa," alijitetea muuza mkaa.

"Na pole ukampa!" alisema fundi nguo. Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka, wanawe walikula kwa cherehani ile.

Mwenyekiti akagonga meza. "Ugonjwa wetu ndio huo. Tunaona, tunasikia, tunajifanya hayatuhusu. Kuanzia leo filimbi ikilia, hakuna kuuliza. Una mwiko, njoo na mwiko. Una taulo, lifunge vizuri, uje."

"Na kama ni jambo dogo?" aliuliza Mama Pacha, jirani yake wa ukuta mmoja.

"Hakuna dogo. Mlango ukiwa umefungwa, sukumeni."

Mkewe alikaza fundo la mwisho kwa meno, maana kidole chake kimoja kilikuwa hakikunjiki.

"Inasikika hata redio ikiwa juu?" aliuliza.

Kicheko tena. Redio ya Mwenyekiti nani asiyeijua? Siku nyingine ilinguruma mpaka vikombe vya Mama Pacha vikacheza kabatini.

"Shemeji, hii inasikika hata redio ikiwa juu ya paa," alisema muuza mkaa.

"Haya, tujaribu." Mwenyekiti akaifungulia redio mpaka mwisho. Mkewe akapuliza. Sebule nzima ikaziba masikio.

"Mnaona? Mwanafunzi wangu wa kwanza!" alisema Mwenyekiti.

Mkewe akaifuta filimbi kwa upindo wa gauni, akaivaa shingoni, akaitumbukiza ndani ya kola.

"Sawa," alisema, akaenda kuosha vikombe.

Jumamosi, vyungu vikiwa jikoni, redio ya Mwenyekiti ikapandishwa. Hakuna aliyeshtuka. Mama Pacha alifunga dirisha lake, kama kawaida.

Kisha filimbi ikalia.

Mtaa ukatoka kama ulivyofundishwa. Fundi nguo na mkasi, muuza mkaa na koleo, Mama Pacha na mwiko unaochuruzika mchuzi. Wakafuata sauti mpaka kwa Mwenyekiti. Mlango ulikuwa umefungwa. Hawakuuliza, wakausukuma.

Mwizi hakuwepo. Mwenyekiti alisimama katikati ya sebule, mkanda kauzungusha mkononi, na mkewe alikuwa sakafuni akipuliza tu, bila chozi, mpaka Mama Pacha alipoizima redio.