Shuka Lisilokunjika

Tangu pasi zipigwe marufuku, kila kitambaa cha pamba sharti kisuuzwe kwa maji yenye mafuta ya mbarika, na hakuna tena nguo yenye makunyanzi. Mwanzoni Bi Mgeni alishukuru sana. Leo asubuhi alisimama mlangoni mwa chumba cha binti yake, Raya, akalitazama shuka lilivyonyooka.

"Jana ulilala hapa?"

"Sasa ningelala wapi, mama?" Raya alijibu bila kumtazama, akachukua mkoba akatoka.

Zamani angeangalia kitanda tu akajua. Bi Mgeni alijilaza pale, akajigeuza huku na huku kama mgonjwa, kisha akainuka kutazama. Shuka lilikuwa vile vile, limenyooka, likimkana hata yeye.