Mguu wa Baba Mkwe

Tangu kila nyumba iamriwe kunywa chai ya kijani alfajiri, hakuna mwili unaovimba. Chai hiyo huzituliza seli za kinga, basi kidonda hakichemki wala hakiumi, na mtu huweza kujeruhiwa asijue. Ndiyo maana kila jioni, kabla ya kula, watu wa Tukuyu huvua viatu na kukaguana miguu.

Tusekile alikaguana na mumewe, Ambakisye. Baba mkwe alikaguliwa na mwanawe, kwa kuwa mkamwana wa Kinyakyusa hamtazami baba mkwe. Ambakisye aliposafiri, Tusekile alikuwa akiacha kikombe cha chai mlangoni pa mzee alfajiri, na jioni akiuliza akiwa ameelekea ukutani.

"Umejikagua, baba?"

"Nimejikagua, mwanangu. Mimi mzima."

Baadaye palianza kunuka pale mlangoni. Tusekile alidhani panya amefia darini, akafagia.

Ambakisye aliporudi, aliukuta mguu wa baba yake mweusi hadi gotini, na msumari ungali kisiginoni.

"Hukuuona, baba?"

"Macho yangu hayafiki huko siku hizi. Ningemwambiaje mkamwana anitazame?"

Gari la hospitali lilipokuja kumchukua, Tusekile alijifunika kanga usoni asimwone. Kisha wakabaki wawili sebuleni.

"Hukusikia harufu?" Ambakisye aliuliza.

"Nilisikia. Nikafagia."

Ilikuwa jioni na chakula kilikuwa tayari, basi Ambakisye akavua viatu, akamnyooshea miguu amkague.