Vunjajungu Kwenye Mkongojo

Tangu awekewe nyonga ya chuma, Bi Mwanashehe hakuthubutu kupiga hatua bila mkongojo. Leo ngoma ya harusi ya mjukuu wake inarindima uani, na juu ya mkongojo ulioegemea ukuta chumbani mwake ametua vunjajungu.

"Bibi, njoo!" aliita bi harusi.

"Nitakujaje? Nikimgusa huyu nitavunja chungu, na pilau yako haijaiva!"

Akamngoja aruke. Wapi! Mdudu alikunja vipingili vya miguu yake, akayumba kwa mdundo wa ngoma, kuanzia pale mguu unapoungana na mwili.

"Ala! Unanifundisha mimi kukata kiuno?"

Akainuka, akajaribu kidogo. Nyonga ikaitika.

Vigelegele vilipolipuka uani, mkongojo ulikuwa bado umeegemea ukuta chumbani, na vunjajungu juu yake akiyumba.