Kamera ya Macho Mawili

Koleo liliteleza, ikasikika sauti "ka!" ndani ya kamera, na fundi akajua ameharibu.

Ilikuwa kamera ya zamani yenye macho mawili, ile inayopiga picha mbili kwa mpigo ili ukizitazama pamoja uone kitu kimesimama kama kilivyo. Kishikio cha kuzungushia filamu kilikuwa kigumu kama mlango uliovimba kwa mvua. Mwenye subira angeitia kwenye mfuko mweusi usiopitisha mwanga, akaifungua humo kwa kupapasa, akaitoa filamu taratibu. Lakini fundi alishajitapa mtaa mzima kwamba hakuna kamera iliyowahi kumshinda. Ulimi uliponza kichwa.

Afadhali ingekuwa kuikata filamu tu. Siku hizi kamera humjia tupu, bila filamu, za kupambia sebule, na mazoea yana tabu. Akafungua mfuniko wa nyuma papo hapo, chini ya taa. Filamu ilikuwa imelala humo, imechanika, na mwanga wote umeiangukia. Aliufunga haraka, lakini maji yalikwisha mwagika.

Hizo ndizo zilikuwa picha za mwisho za marehemu. Mjane aliyeileta alimweleza yote: mumewe alianguka kwenye ngazi za nyumbani, kamera ikiwa shingoni, na walikuwa wao wawili tu siku hiyo. Sasa mama wa marehemu ameapa hatatulia mpaka aone mwanawe alikuwa akipiga nini.

Siku tatu fundi alitafuta la kusema. Alifikiria kusingizia kutu, kisha unyevu, kisha panya. Kila uongo alioutunga aliutupa. Angemnyimaje mama wa watu picha za mwisho za mwanawe, halafu amsingizie panya?

Mjane alipokuja, fundi alimvutia kiti.

"Imekubali kuzunguka?" mjane aliuliza.

"Dada, nisamehe. Niliilazimisha kwa koleo, filamu ikakatika. Kisha nikaifungua mwangani kama mtu asiyejua kazi."

"Hata picha moja haikupona?"

"Hata moja. Nipeleke kwa mama mkwe wako nikampigie magoti. Kosa ni langu, wewe usibebe lawama."

Mjane alifunika uso kwa viganja, mabega yakatetemeka. Fundi naye machozi yalimlenga. Aliona haya hata kumwambia pole, maana pole ya mwenye kosa haina uzito.

Mjane alishusha pumzi ndefu, akajipangusa.

"Basi niandikie hayo hayo kwenye karatasi, upige na mhuri," alisema. "Mafundi wawili wa kwanza waliniambia picha zote zitatoka salama, ndiyo maana sikuwaachia kamera."