Koti la Msaidizi

Teresia alikataa kuvua koti.

Pritesh, mkurugenzi wa michezo wa chuo, alisimama mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo, mfuko wa plastiki mkononi. Wazazi wake walihamia London kutoka Kisumu, na Kiswahili alikitoa kabatini pale tu alipokuwa na shida. Leo alianza nacho tangu kwenye ngazi.

"Mama Tevin, tusivutane. Koti la kocha msaidizi ni moja, na Cédric ameshaajiriwa."

Cédric alikuwa nyuma yake, amejikunyata ndani ya shati jepesi. Uwanja wa barafu hauna huruma kwa mtu asiye na koti. Alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mpole, na zaidi ya mara moja alikuwa amemweleza Teresia kwamba hakuomba kazi ili amng'oe mtu.

"Mama, mimi siko adui yako," alisema.

"Najua, mwanangu. Chukua skafu yangu. Koti sitoi."

Timu ya magongo ya barafuni ya chuo hicho ilijulikana kusini kote mwa London kwa kufungwa, hadi Marion alipokuja kuwa kocha mkuu. Marion ndiye aliyemfundisha Teresia kuteleza, katika darasa la jioni la watu wazima, wakati Teresia alipokuwa tayari mama wa watoto na akitunza wazee majumbani kule Thornton Heath. Alianguka mpaka akazoea ladha ya barafu. Marion hakumcheka. Alimwambia kwamba anayejua kuanguka atajua kufundisha, na baadaye akamfanya msaidizi wake. Tangu hapo walisimama pamoja nyuma ya benchi la wachezaji, Marion kulia, Teresia kushoto.

Kisha Marion akapatwa na kiharusi. Hata kabla hajaweza kushika kijiko, wakubwa wa chuo walianza kupanga upya benchi lake bila kumuuliza. Msaidizi mpya akaletwa. Kocha mkuu mpya angetambulishwa leo, kabla ya mechi. Na Teresia akaambiwa avue koti.

Nyumbani nako hakupata wa kumuunga mkono. Habari zilikuwa zimefika kanisani, na kina mama walipanga kuja Jumapili na sufuria zao, kama wanavyokuja kila nyumba inapopata jambo.

"Mama Tevin, kubali yaishe," mumewe Naftali alisema asubuhi hiyo, akichovya mkate kwenye chai. "Hata Musa alibishana na Mungu, mwishowe akaenda."

"Na Daudi kule pangoni je? Kisu alikuwa nacho, na Sauli hakumgusa."

Naftali alicheka, akasema kwamba ukioa msoma Biblia huwezi kushinda hata ubishi wa chumvi. Halafu kicheko kikamwisha. Alimkumbusha onyo la Pritesh: akizidi kukaidi atatoka mikono mitupu, baada ya miaka yote ile ya baridi.

Teresia alilijua hilo. Ndiyo maana alipiga magoti jikoni kabla ya kutoka, karibu na jiko ambalo lilikuwa bado na joto la chai. Hakumwomba Mungu ageuze mioyo ya wakubwa. Aliomba ulimi wake usitetemeke, basi.

Kilichomkaa moyoni ni Lewisham. Kila Jumatano, akitoka kazini, alipitia hospitalini kumsimulia Marion mechi. Upande mmoja wa uso wa Marion haukusogea tena, lakini mkono wake wa kushoto ulichora mashambulizi juu ya blanketi, na akisikia timu imefunga aliinua kidole gumba. Jumatano iliyopita aliuliza swali moja. Kulitamka kulimtoa jasho.

"Nani... anasimama... pangu?"

"Hakuna mtu," Teresia alimjibu.

Sasa Pritesh alitazama saa yake, kisha akamtazama Cédric, ambaye meno yake yalikuwa yakigongana.

"Mwonee huruma basi. Kijana anaganda."

"Mpe hilo ulilobeba kwenye mfuko."

"Hili si lake. Ni la kocha mkuu."

"Kocha mkuu yuko Lewisham," Teresia alisema. "Mwingine simtambui."

Cédric aliinamisha uso ndani ya skafu, labda kuficha tabasamu.

Walitoka wote watatu hadi kwenye benchi. Wachezaji walikuwa wamejipanga juu ya barafu, kofia ngumu chini ya kwapa, wakisubiri utambulisho. Walipomwona Teresia bado amevaa koti lake, mmoja aligonga barafu kwa gongo lake. Akafuata wa pili. Punde uwanja mzima ulikuwa ukigonga, na Pritesh ikambidi angoje watulie.

Alimsogelea Teresia, akashusha sauti. Alisema chuo hakibembelezi mara mbili.

"Basi kisibembeleze."

Pritesh akachoka. Akalitoa koti jipya kwenye mfuko, akalikunjua mbele ya wote, na jina lililoshonwa kifuani lilikuwa Teresia.

"Hapana," Teresia alisema, na ulimi haukutetemeka. Akalikunja lile koti, akalirudisha kwenye mfuko, akaenda kusimama mahali pake, kushoto kwa nafasi tupu.