Rangi ya Asparaga

Sefu alipanda asparaga za zambarau, zile mboga za vichipukizi virefu, akiwa bado anaona. Aliambiwa asizikate mpaka mwaka wa tatu, akangoja, na katika kungoja huko macho yake yakapofuka.

Leo mkewe, Mwanahawa, alikata fungu la kwanza, akalikaanga kwa siagi na kitunguu saumu. Sefu aliketi kwenye kigoda karibu na jiko, akinusa.

“Zimekolea rangi, Mama Zena?”

Mwanahawa alitazama kikaangoni. Hakuna aliyewaambia kwamba moto huiondoa zambarau ile. Zote zilikuwa zimegeuka kijani, kama maharage mabichi ya sokoni.

Alichukua moja iliyobaki mbichi kwenye ungo, akamwekea mumewe kiganjani.

“Hiyo ni zambarau tupu, Baba Zena. Kama ile khanga niliyovaa siku ya kwanza ulipokuja kwetu.”

Sefu aliipapasa toka shina hadi ncha, akaing’ata. Ilikuwa tamu.

“Na hizo za jikoni?”

“Zimeiva,” alisema Mwanahawa.

Sefu alikiinua kipande kilichobaki kuelekea dirishani, akakigeuza polepole kwenye mwanga.